Barabara Iliyofupika

Gauni la kwanza nililolishona maishani mwangu lilikuwa na mkono mmoja mrefu, na mtu aliyeniambia hivyo aliniambia mbele ya mama na wageni wake wote. Sikuwa na mwalimu wa ushonaji. Nilikuwa nimefumua blauzi kuukuu ya mama, nikatandaza vipande mezani, nikaviiga kimoja kimoja. Wageni walisema limependeza. Yeye aliulizwa kwa heshima tu, kama mgeni aulizwavyo kama chai imekolea sukari, lakini aliweka kikombe chini akalitazama.

"Mkono wa kushoto," akasema. "Umeshuka upana wa kidole."

Nilikimbilia chumbani nikalia. Nilipomaliza kulia nilichukua futi nikapima. Ulikuwa upana wa kidole. Tangu siku hiyo sitoi nguo mpaka nimepima na kupima tena, na hata mwenyewe akishaondoka nayo nabaki na mashaka, natamani kumfuata njiani nimwombe anirudishie kidogo. Watu husema ni ugonjwa. Huenda. Najua nilikoupata.

Nimeanza na gauni kwa sababu mtu huyu baadaye aliitwa mwongo, kutoka Bungoma hadi Kitale, na ningependa ijulikane kwanza huyo mwongo alikuwa mtu wa namna gani.

Tulimwita Dereva. Alikozaliwa na ukoo wake ni habari ya wengine. Mimi nilimjua akiendesha lori la tajiri mmoja Mhindi mwenye duka Bungoma. Lori lilipeleka mahindi Kitale, likarudi na mizigo ya duka, na siku za soko lilipakia kina mama wa Chwele na kuku wao, ndizi zao na vyungu vyao. Alikuwa mfupi, mabega mapana. Alipokaa kwetu kwenye kiti, mguu wake wa kulia haukutulia. Ulikuwa ukitafuta breki sakafuni. Baba, aliyekuwa rafiki yake na abiria wake wa kila soko, maana alichonga mipini ya majembe akaiuza, alimtania.

"Dereva, hapa hakuna mteremko."

"Hujui," alijibu yeye, na mguu ukaendelea.

Udereva alijifunza jeshini wakati wa vita vya pili. Alirudi na koti zito na imani moja. Mbele ya dereva, ndani ya gari, pana saa ndogo yenye mshale unaoonyesha mwendo. Huko vitani alifundishwa kwamba macho ya mtu yanaweza kulewa, masikio yanaweza kulewa, na kwamba dereva aliyechoka huona mwendo wa mbio kuwa wa pole. Mshale haulewi. "Mshale hauna ukoo," alipenda kusema. "Hauwezi kukupendelea." Alisema hivyo hata mahali pasipo na gari. Watu walipogombania mipaka ya mashamba walimwita aje kushika kamba ya kupimia, ingawa kesi haikumhusu, kwa kuwa kamba aliyoishika yeye haikuvutwa wala kulegezwa. Mara moja kamba hiyo ilimnyang'anya shemeji yake kipande cha shamba la migomba. Shemeji aliacha kumsalimia. Yeye hakuacha kumsalimia shemeji, kwa jina, kwa sauti, kila walipokutana, na nadhani hilo ndilo lililomchoma shemeji zaidi.

Hakuonja busaa, lakini wanywaji walipenda akae nao. Alichukia kuvunja amri, lakini wajane aliwabeba bure kinyume cha amri ya tajiri. Tajiri akimuuliza, "Wewe beba mama yule bure?" alijibu, "Ndiyo, nilimbeba," akagombezwa, na wiki iliyofuata akambeba tena. Hakuwa mtu wa kukosea kwa siri. Alikosea hadharani, akasimama karibu na kosa lake ili usipate taabu ya kumtafuta.

Kabla ya kila safari alizunguka lori na kirungu, akagonga tairi moja moja, akainamisha kichwa kusikiliza. Tairi lililojaa upepo lina sauti yake. Na katika abiria wake alikuwapo mama mmoja aliyefanya vivyo hivyo kwa kidole, akigonga vyungu vyake kusikiliza kama kuna ufa. Mama Muuza Vyungu alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, na alikuwa na utani na Dereva usioisha.

"Wewe unagonga mpira, mimi nagonga udongo," alimwambia. "Tutaona nani kati yetu atadanganywa kwanza."

"Panda, mama. Udongo wako unanichelewesha."

Lakini vyungu vile hakumwachia taniboi avipakie. Alivipanga mwenyewe, akivisokotea majani makavu shingoni na ubavuni, polepole, kama mtu anayelaza watoto.

Sasa nifike kwenye matairi.

Vita vilipokwisha, tairi la kipimo cha lori lile lilikuwa shida kupatikana. Yaliyokuwapo ni matairi ya magari ya jeshi, yaliyouzwa Kitale baada ya askari kuondoka: mapana, marefu, yenye meno kama ya jembe. Hakuna aliyemlazimisha Dereva. Tajiri hakujua tairi moja na jingine. Aliyachagua mwenyewe, akayapeleka kwa fundi wa gereji, Singasinga mmoja mwenye ndevu zilizofungwa wavu. Baba alikuwapo, na mazungumzo yale alitusimulia mara nyingi hata nayajua kama sala.

"Hii kubwa," Singasinga alisema. "Ringi yako dogo. Hii kama mtu nono navaa suruali ya mtoto."

"Itaingia?"

"Kuingia itaingia. Kukaa ndiyo maneno."

"Matope ya Chwele unayajua wewe?"

"Mimi najua tairi, bwana. Matope shauri yako."

Matope ya Chwele ndiyo yaliyoamua. Msimu wa mvua ndefu magari yalizama hadi mlangoni, na mwanamke aliyekosa soko moja alilala na ndizi zilizoiva mpaka zikaoza. Lori letu lilipovaa matairi yale liliinuka kama mtu aliyepanda mawe. Kina mama ilibidi wavutwe mkono kupanda. Likapita matope yote, likiacha nyuma magari ya watu wakubwa yamekaa tumbo chini. Siku ya kwanza lilipofika sokoni katikati ya mvua, watu wa mlimani walilifunga mbele kamba ya sinendet, ule mmea utambaao ambao kwao huvishwa mshindi. Mama Muuza Vyungu alicheza mbele ya boneti na chungu kichwani.

Yaliyokuwa mabaya tuliyaona pia, ila tuliyaona kama tabia za mtu mashuhuri. Dereva alipokata kona kali, tairi la mbele lilikwaruza madigadi, lile bati la kuzuia matope, kwa mlio wa kukereketa. Alichukua msumeno akaikata madigadi. Usukani ulikuwa mzito hata mabega yakamvimba. Mlima aliouparamia zamani bila wasiwasi sasa aliupanda kwa gia ndogo, injini ikilia. Na kwenye kona, kwa kuwa ringi ilikuwa nyembamba na tairi nene, ubavu wa tairi ulijikunja na lori likayumba kiuno. Kina mama waliita kuyumba huko "kucheza kamabeka," ile ngoma ya mabega, wakatingisha mabega pamoja nalo.

Kisha kukawa na jambo la barabara. Ndani ya ile saa ya mshale mlikuwa na tarakimu zinazohesabu maili. Dereva alijua kwa moyo maili za kutoka Bungoma hadi Kitale. Alipofunga matairi mapya, alifika Kitale tarakimu zikiwa hazijatimia. Akadhani ameanza kuhesabu vibaya. Akarudia safari nyingine, na nyingine. Zilikuwa pungufu vilevile. Alikuja kwetu akatueleza, na huo ndio mzaha pekee niliowahi kusikia kinywani mwake.

"Barabara imefupika," alisema.

Tulicheka hata mama akaweka sufuria chini. Baba aliusambaza mzaha huo sokoni. Mama Muuza Vyungu alimpigia Dereva kelele kutoka nyuma ya lori, "Basi nifupishie na ile ya kwenda kisimani." Nilikuwapo, nilikuwa binti mkubwa wa kutosha kuelewa, na nilicheka. Hatukuuliza hata mmoja wetu barabara ya udongo inafupikaje.

Ajali ilitokea mchana mweupe, barabara kavu, kwenye mteremko wa mto Kuywa kuelekea Kitale. Baba alikuwa nyuma na mipini yake. Alisema lori lilishuka kwa kasi ambayo hajawahi kuiona, kwamba aligonga bati la kichwa cha lori kwa ngumi, kwamba kwenye kona karibu na daraja liliyumba upande mmoja na safari hii halikurudi. Lililala ubavu. Baba alivunjika mkono wa kulia, ule wa kuchongea, haukunyooka tena. Wengine walichubuka. Mama Muuza Vyungu aliangukiwa. Walipomtoa hakuwa hai tena; majani makavu yalikuwa yametapakaa kila mahali, na ndani ya majani hayo vyungu vyake viwili vilikuwa vizima.

Kortini Dereva aliulizwa mwendo wake.

"Mshale ulikuwa kwenye thelathini," alisema. "Niliutazama nikianza kushuka."

Baba aliulizwa naye. Alisimama na mkono kwenye bendeji, hakumtazama rafiki yake.

"Thelathini naijua, nimeipanda miaka," alisema. "Hiyo haikuwa thelathini. Tulikuwa tunaruka."

Baba akaaminiwa. Dereva akafungwa, akanyang'anywa leseni. Lakini si kifungo kilichomwangamiza. Alitoka, watu walikuwa tayari kumpokea. Kwetu mtu aliyeua bila kukusudia ana mlango wa kurudia: huenda kwa wafiwa mchana, peke yake au na rafiki, hasemi mengi, husema kwa kinywa chake alichofanya. Akishasema hupewa maji ya kunywa mle nyumbani, na akishakunywa, kifo kile hakitajwi tena mbele yake. Mume wa marehemu, mkulima mpole, alituma ujumbe: aje aseme kwamba alikimbiza gari, hatutaki kingine.

Dereva alikwenda. Walimwekea maji tayari. Akasimama uani akasema anamlilia mama yule kama dada, kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, kwamba hana amani. Wakangoja neno. Hakulisema.

"Nikisema nilikimbia nitakuwa nimedanganya juu ya kaburi lake," aliwaambia. "Mshale ulikuwa kwenye thelathini."

Maji yalimwagwa. Siku hiyo ndipo jina la mwongo lilipompata, na lilimkaa. Ajabu ni kwamba kuua kwenyewe wangemsamehe. Waliona mtu anayemtukana marehemu kwa kujipendelea. Hakuna aliyemwita tena kushika kamba. Shemeji yake wa migomba alifurahi wazi. Yeye na baba, waliokuwa wakinywa chai kikombe kwa kikombe, hawakuzungumza tena, kila mmoja akijua moyoni mwenzake amesema uongo mbele ya hakimu. Mwishowe Dereva alihamia Saboti, chini ya mlima, akaketi kwenye kibaraza cha duka akikata akala, vile viatu vya matairi makuukuu.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipokataa kutulia. Nilikuwa na watu wawili ambao hawajui kudanganya, na maneno mawili yasiyopatana, na nilishindwa kuyaacha kama wengine walivyoyaacha. Kitu kisicholingana hunikosesha usingizi. Nilikuwa nikishona na neno "thelathini" linagonga pamoja na sindano. Nilimshuku baba, nikaona aibu. Nilimshuku Dereva, nikakumbuka upana wa kidole.

Jibu lilitoka ndani ya cherehani. Nilikuwa najaza uzi kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, naitazama kwa kuwa sipendi ijae vibaya. Bobini ikiwa tupu, mzunguko mmoja unameza uzi mfupi. Ikinenepa, mzunguko ule ule unameza uzi mrefu. Niliondoa mguu kwenye pedali. Saa ya lori haioni barabara, nilijiambia. Inahesabu mizunguko ya gurudumu, na ilitengenezwa kwa gurudumu lenye kipimo chake. Mpe gurudumu nene, kila mzunguko utakula njia ndefu zaidi na saa haitajua. Itahesabu maili pungufu hadi Kitale. Na mshale wake utasoma mwendo pungufu.

Barabara haikufupika. Tulicheka wote.

Nilikwenda Kitale kwa Singasinga na futi yangu ya ushonaji. Uani kwake lilikuwapo bado tairi moja la jeshi la aina ile, na lile la kipimo halali. Nilizungusha futi, nikaunga, nikapima tena, upya, kwa upande mwingine.

"Wewe nashonea lori gauni?" aliniuliza.

"Nataka kujua tofauti tu, bwana fundi."

"Mimi nalisema siku ile. Nalisema kukaa ndiyo maneno." Akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Tena breki ni ile ile dogo. Gurudumu kubwa, breki dogo. Hii sikusema. Hii naliona mwenyewe, nanyamaza."

Tofauti ilikuwa ya kutosha. Thelathini ya mshale ilikuwa thelathini na tano ya barabara, huenda zaidi kidogo, juu ya matairi yanayojikunja, na breki zisizoyatosha.

Nilimwambia baba kwanza. Alisikiliza, mkono wake mbovu umelala mapajani.

"Kwa hiyo hakudanganya," alisema.

"Hakudanganya. Na wewe hukudanganya."

Aliusogeza mkono mbovu kwa ule mzima. "Nenda umwambie," alisema baadaye. "Mwambie na mimi nilicheka."

Nilikwenda Saboti nikiwa na furaha, naungama. Njiani nilipanga maneno kama mtu anayepeleka zawadi. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, kisu kirefu mkononi, kichwa kimekuwa cheupe, mguu wa kulia bado unatafuta breki. Alinitazama, kisha akatazama gauni langu.

"Mikono iko sawa sasa," alisema.

"Nilijifunza, baba."

Nikakaa, nikamweleza yote: bobini, mzunguko, futi, maili zilizopungua. Alikata akala mpaka nilipofika kwenye mshale. Hapo kisu kilisimama.

"Sema tena, mama. Polepole."

Nikasema tena. Nikamaliza kwa maneno niliyoyaandaa: kwamba hakudanganya hata kidogo, kwamba alisema alichokiona, kwamba jina lake limesafika.

"Kwa hiyo nilikimbia," alisema.

"Hukujua, baba."

"Usinishonee kiraka." Hakuinua sauti. "Barabara iliniambia. Ilifupika mbele ya macho yangu, safari baada ya safari, nami nikaifanya kichekesho. Mtu yeyote angekuja na kamba isiyotimia, ningemwambia apime upya."

Akageuza kipande cha tairi mkononi, akakigusa meno. Ndipo nilipoona nilichokifanya. Miaka yote hiyo, katika matusi yote, alikuwa na kitu kimoja safi cha kulalia: kwamba yeye hakumuua. Wengine walimwona mwongo. Yeye alijua si mwongo na si muuaji. Mimi nilikuwa nimemtoa kwenye uongo nikamtia kwenye kifo, kwa futi, kwa uangalifu mkubwa, nikitabasamu. Nilitaka kusema pengine nimepima vibaya. Nilifungua mdomo. Alinitazama nikaufunga.

"Mume wake yuko hai?"

"Yuko. Chwele, pale pale."

Alifuta kisu, akakikunja ndani ya gunia, akaomba mwenye duka amtunzie mkeka.

Tulikwenda kesho yake. Baba alitungoja njia panda ya Chwele. Hawakukumbatiana. Dereva aliutazama mkono ule usionyooka, baba akauacha utazamwe, kisha tukatembea watatu, mimi nyuma. Njiani nilimwambia Dereva kwamba nitawaeleza wafiwa habari ya tairi, ili waelewe.

"Hutaeleza," alisema. "Ukieleza, litakuwa kosa la tairi. Waliomba neno moja."

Mume wa Mama Muuza Vyungu alikuwa uani anapukuchua mahindi. Alizeeka zaidi yetu sote. Alimtambua Dereva, hakusimama, mikono yake ikaendelea na gunzi mpaka likabaki tupu.

"Nilikimbia," Dereva alisema. "Siku ile nilikimbiza gari, nikamuua mke wako."

Kuku walikuwa wanadonoa punje miguuni pao. Yule mzee aliliweka gunzi chini.

"Na siku zote hizi?"

"Nilikuwa sina neno hilo. Sasa ninalo."

Nilidhani atauliza zaidi; mimi ningeuliza. Alijishika magoti, akainuka, akaingia ndani. Akatoka na maji kwenye chungu kidogo cheusi, na wote tulikijua chungu kile na majani kilimotoka.

Dereva alikipokea kwa mikono miwili. Akakiinua karibu na sikio, akainamisha kichwa, na kidole chake kikanyooka kugonga, kama alivyozoea Mama Muuza Vyungu.

Kidole kikabaki hewani. Akakikunja, akanywa.